Bi Pimbi na Wataalamu wa Vuli

Hapo zamani za kale, jembe lilipokuwa mikononi mwa wanyama na sisi binadamu tukiwa bado tunaokota matunda tu, palikuwa na kijiji kiitwacho Matopetope. Sogeeni karibu. Na mikono isisimame, mchicha huo haujichambui wenyewe. Wewe Mwanahawa, nimekusikia ukinong'ona kwamba nakata mashina marefu mno. Nimekusikia vizuri sana, na jibu lako utalipata hadithi ikiisha.

Haya. Matopetope kila nyumba ilikuwa na bustani yake nyuma ya jiko. Mvua za vuli zilipokaribia, kila mmoja alitifua udongo ungali mkavu, akachanganya samadi, akatandaza nyasi juu, kisha akakaa kibarazani kuangalia mawingu. Bustani iliyoandaliwa mapema ililisha watu mboga mpaka masika. Isiyoandaliwa ililisha watu ugali na chumvi.

Nyumba ya mwisho kabisa, karibu na mto, ilikuwa ya Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, mviringo, hana mkia wa kujivunia, na nyayo zake ni laini kama andazi. Bi Pimbi alikuwa mjane mwenye watoto watano. Bustani yake aliachiwa na mama yake: kipande kidogo tu, chenye mlimau mmoja kwenye kona. Hakuwa na kingine duniani.

Na kipande hicho kilikuwa kigumu kama kigae. Kwa nini? Kwa sababu jirani yake alikuwa Kiboko, mwenyekiti wa kijiji. Miaka mitatu mfululizo Kiboko alikatiza humo kwenda mtoni asubuhi na kurudi jioni, yeye na mkewe, na matumbo yao. Kuzunguka kulikuwa hatua arobaini zaidi. Lakini mwenyekiti azunguke? Thubutu!

Basi mwezi wa tisa Kiboko aliitisha mkutano.

"Ndugu wanakijiji!" alinguruma. "Vuli inakuja. Kamati ya Bustani imekaa na imeamua."

Kamati hiyo alikuwa yeye peke yake. Lakini kukaa, kweli alikuwa amekaa.

"Siku mvua ya kwanza itakapoanguka, karani wetu Kobe atapita kila bustani na fimbo yake. Fimbo isipozama mpaka kwenye alama, bustani imeshindwa! Isipokuwa na samadi, imeshindwa! Isipotandazwa nyasi, imeshindwa! Na iliyoshindwa itachukuliwa apewe jirani wa karibu. Hatutaki uzembe Matopetope!"

Pwa-pwa-pwa! Wanyama wakapiga makofi. Kobe akaandika yote, taratibu, neno kwa neno.

Bi Pimbi hakupiga makofi. Alitazama kulia kwake, akaona mto. Akatazama kushoto, akamwona jirani yake wa karibu akijilamba midomo. Moyo wake ukashuka mpaka kwenye nyayo.

Siku ileile, jioni haijaingia, ushauri ukaanza kumiminika nyumbani kwake. Jamani, ushauri! Wa kwanza kufika alikuwa Kiboko mwenyewe, mikono nyuma, tumbo mbele.

"Bi Pimbi, jirani yangu, nakuhurumia. Udongo wako mgumu sana."

"Ni kweli, Mheshimiwa. Sijui umegandamizwa na nini."

"Hata mimi sijui. Tifua. Tifua chini sana. Mizizi inataka kupumua." Akakatiza bustani, bu! bu! bu!, akaenda zake kuoga.

Akaja Nyati, pembe zimepakwa mafuta. "Samadi, dada! Bila samadi unajisumbua. Ila isiwe mbichi, mbichi inaunguza miche. Iliyooza, dada! Iliyooza!" Akapita.

Akaja Mama Ndovu na khanga mbili mpya, akasimama kwenye kivuli cha mlimau. "Mwenzangu, nyasi! Tandaza nyasi, jua lisinyonye maji. Halafu kitalu cha nyanya kiezekee kichanja. Halafu mlimau huu una matawi makavu, yakate kabla ya mvua. Halafu..." Alisema halafu kumi na moja. Kisha akaaga.

Walipoondoka, Bi Pimbi alishika kijembe chake akapiga udongo. Ting! Kijembe kikaruka. Akapiga tena. Ting! Mpini ukavunjika. Akakaa chini akalia, na siwafichi, alilia kwa sauti. Wote walijua la kufanya, na hakuna hata mmoja aliyekuja na jembe.

Mtoto wake wa mwisho akauliza, "Mama, hawa wakubwa wanapenda bustani yetu?"

"Hawapendi bustani, mwanangu. Wanapenda kusema."

Alipolisema hilo, machozi yakakauka palepale. Wanapenda kusema! Kumbe! Akafuta pua, akatafuta ubao na mkaa.

Asubuhi yake, mbele ya bustani palisimama ubao mkubwa:

SHAMBA DARASA LA VULI. WATAALAMU WATUPU. VIBARUA HAWARUHUSIWI.

Kiboko alipokuja kukatiza, akasimama. Akasoma mara mbili. "Nini hiki?"

"Shikamoo, Mheshimiwa. Ni shamba darasa. Nimeona vijana wa kijiji hawajui kilimo, na wataalamu tunao. Ni vibaya elimu kubwa kama yako imalizikie kibarazani."

"Ni vibaya sana," alisema Kiboko.

"Tatizo ni moja tu. Sijajua nimwandike nani Mkufunzi Mkuu. Nyati anasema wewe una maneno ya kutifua, lakini hujui kutifua."

"NYATI?" Mto mzima ukatikisika. "Nyati anakwangua udongo kama kuku! Leta wanafunzi! Leta jembe! Hapana, jembe lako ni kijiko, nitaleta langu!"

Akalileta. Lilikuwa kubwa kama mlango. Wanafunzi walikuwa watoto watano wa Bi Pimbi na panya wa jirani, wamekaa mstari mmoja kwenye kivuli.

"Tazameni!" Kiboko akainua jembe. Pu! Likazama. Akapindua bonge la udongo ukubwa wa chungu. "Hivyo ndivyo inavyotifuliwa. Somo limekwisha."

"Makofi kwa Mkufunzi!" alisema Bi Pimbi. Pwa-pwa-pwa! "Mheshimiwa, watoto hawa ni wazito wa kichwa. Huyu wa pembeni hakuona. Jua lilimpiga machoni."

"Atazame tena!" Pu!

"Na huyu alikuwa anapiga chafya."

"Pumbavu! Tazama!" Pu!

"Nyati alisema mwanzo tu ndio utakuwa mzuri, ukifika kwenye kona utachoka."

"Kona? Kona ipi? Hii?" Pu! Pu! Pu! "Na ile pale?" Pu! Pu! Pu!

"Na mabonge, Mheshimiwa? Yaachwe hivihivi?"

"Mabonge yavunjwe! Mbegu ndogo haioti chini ya bonge, mtoto wa nani asiyejua hilo?" Twa! Twa! Twa! Na jasho likamtoka, tiriri, tiriri, likalowesha udongo.

Somo la kutifua lilichukua asubuhi tatu. Siku ya pili mkewe alikuja mpaka kwenye ubao.

"Baba nanihii, na bustani yetu? Mawingu yale unayaona?"

"Mama, niache! Nafundisha taifa!"

"Taifa ni watoto watano wa pimbi na panya?"

"Hujui elimu wewe. Nenda nyumbani ukanipikie uji."

Siku ya tatu bustani ya Bi Pimbi ilikuwa laini, mguu unazama mpaka kwenye kifundo. Kiboko alikaa chini akihema kama mvukuto. Bi Pimbi akampa cheti kilichoandikwa kwenye jani la mgomba: MKUFUNZI MKUU. Alikivaa shingoni. Tangu siku hiyo hakukatiza tena humo bustanini, aliogopa kuharibu darasa lake. Akawa anazunguka. Hatua arobaini, na hakulalamika!

Kisha Bi Pimbi akaenda kwa Nyati.

"Hodi! Kaka Nyati, nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Hujasikia? Mwenyekiti ana cheti. Anatembea nacho. Anasema kilimo ni jembe tu, samadi ni mambo ya washamba. Tena anasema ya kwako imejaa mbegu za magugu."

Nyati akakwaruza chini kwa kwato. Krrr! "Samadi yangu? Nimeilundika tangu masika! Nimeifunika majani ya migomba! Nimeipindua kila mwezi! Njoo unuse!"

"Mimi nikinusa peke yangu, nani ataamini? Wanafunzi ndio wanatakiwa kunusa. Lakini wako mbali, kule bustanini..."

Hakumaliza kusema. Nyati alishapakia tenga la kwanza mgongoni. Alipofika akachota konzi moja, akaipitisha puani kwa kila mwanafunzi. "Nusa! Inanuka?"

"Hainuki, mwalimu!"

"Inanukia nini?"

"Kama msitu baada ya mvua, mwalimu!"

"Ndiyo samadi iliyooza hiyo! Ikinuka zizi, iache! Ikinukia msitu, weka!"

"Tenga moja linatosha, kaka?" aliuliza Bi Pimbi kwa unyenyekevu. "Mwenyekiti anasema hata hilo ni jingi."

"Moja? Eneo hili? Matenga kumi na mawili!" Akayaleta yote kumi na mawili, akayachanganya na udongo mwenyewe, maana aliona watoto wa pimbi wanachanganya vibaya na roho ikamuuma. Akapewa cheti: MTAALAMU WA SAMADI. Akakitundika kwenye pembe ya kulia, upande unaoonekana kutoka barabarani.

Kwa Mama Ndovu hakuhitaji hata kusema uongo. Alimwambia tu, "Mwenzangu, tunataka mgeni rasmi."

Mama Ndovu hakuuliza wa shughuli gani. Alikwenda kubadilisha khanga.

Alikuja na mzigo wa nyasi kavu, kwa sababu mgeni rasmi haji mikono mitupu. Akakata utepe wa kamba ya mgomba. Akahutubia. Na kwa kuwa hotuba bila mifano haikolei, kila aliposema jambo alilifanya. Aliposema nyasi zitandazwe nene ila zisiguse shina, alitandaza. Aliposema kitalu kinataka kichanja, alisimika vijiti vinne akaezeka. Aliposema matawi makavu yakatwe, kacha! kacha!, mlimau ukabaki msafi kama umenyolewa. Aliposema kitalu kinywe maji jioni na si saa sita mchana, na kwa mnyunyizo mdogo, akatumbukiza mkonga mtoni: fyuuu! Halafu: shwaaa! Umande mtupu.

"Nani ana swali?" aliuliza.

"Mimi," alisema Bi Pimbi. "Hukugusia habari ya kupanda mchicha kidogokidogo kila wiki mbili."

"Nilikuwa nakuja huko!" Akachora mistari kwa mkonga, akamwaga mbegu mstari wa kwanza, akafukia. Makofi yalipigwa mpaka panya wa jirani akapoteza sauti, ingawa alikuwa anatumia mikono. Msiniulize ilikuwaje.

Siku nne baadaye mawingu yakatanda. Ngurumo: gu-gu-gu-guuu! Tone la kwanza likaanguka kwenye ubao. Ta! La pili. Ta! Kisha chwaaa, vuli ikafunguka.

Kobe akatoka na fimbo yake yenye alama ya mkaa, akafuatwa na kijiji kizima. Akaanzia mwisho, kwa Bi Pimbi. Kiboko alikuwa mbele ya wote, cheti shingoni kimelowa, anatabasamu kwa mazoea, maana siku nyingi alikuwa ameisubiri siku hii. Alikuwa amesahau kabisa kwa nini ameisubiri.

Kobe akachomeka fimbo. Chwiii! Ikazama mpaka kwenye alama, ikapita. Akachota udongo, akanusa. "Msitu," alisema. Akainua nyasi, chini kulikuwa na unyevu. "Bustani ya Bi Pimbi..." akameza mate, "... ime... fau... lu."

Hapo ndipo Kiboko alipokumbuka. Mmewahi kumwona mtu akiamka usingizini kwenye basi na kituo chake kimepita? Ndivyo alivyokuwa.

"Ngoja!" alipaza sauti. "Futa hilo, karani! Bustani hii nimeitifua mimi! Jasho langu limo humu! Huyu Pimbi hakutifua hata shubiri moja. Haiwezi kuwa yake!"

Kobe akainua macho, kalamu juu. "Ni kweli, Bi Pimbi?"

Bi Pimbi aliwaona watoto wake watano wamejikunyata chini ya mlimau. Alijua neno moja baya na kila kitu kingekwenda. Akasogea mbele ya karani.

"Ni kweli, karani. Ametifua yote. Ninachoomba ni kuuliza swali dogo. Mheshimiwa, ulikuwa unatifua ukiwa nani?"

"Nikiwa nani vipi?"

"Ubao ule pale. Kama ulikuwa kibarua, basi uliingia kinyume cha ubao, na karani aandike mbele ya wote kwamba mwenyekiti wa Matopetope alikuwa kibarua wa Bi Pimbi kwa asubuhi tatu. Tutakaa tuelewane kuhusu jasho lako. Lakini kama ulikuwa mtaalamu..."

"Kibarua?" Minong'ono ikaanza nyuma. "Mwenyekiti kibarua? Kwa pimbi?" Mtu mmoja akacheka, kwi-kwi-kwi, akazibwa mdomo na mkewe.

Nyati akageuza kichwa ili cheti kionekane. "Mimi niseme mapema kabisa, nilikuwa mtaalamu."

"Na mimi mgeni rasmi," alisema Mama Ndovu.

"Sema haraka, Mheshimiwa," alisema Kobe. Kobe anapomwambia mtu haraka, ni aibu.

Kiboko akatazama bustani laini. Akatazama kijiji. Akashika cheti chake. Tumbo lilitaka bustani, na kichwa kilitaka cheti. Vikagombana humo ndani, vikasikika mpaka nje: guru, guru, guru.

"Mimi," alisema mwishowe, "ni Mkufunzi Mkuu! Sijawahi kuwa kibarua wa mtu!"

"Na mkufunzi akishafundisha," aliuliza Bi Pimbi, "shamba darasa linabaki la nani?"

"La... la mwanafunzi," alisema Kiboko, kwa sauti ya mbu.

Kobe akaandika. Alipomaliza nukta, akasema, "Bustani ya pili. Ya mwenyekiti."

"Leo mvua kubwa, karani, tusogeze kesho."

"Siku mvua ya kwanza itakapoanguka," alisoma Kobe. "Maneno yako."

Wakaenda. Hatua arobaini. Mama Kiboko alikuwa kibarazani, mikono kifuani. Kobe akachomeka fimbo. Kwach! Ikavunjika vipande viwili. Nyuma yao ghafla Nyati akakumbuka ameacha chungu jikoni, na Mama Ndovu akakumbuka ameanika nguo, wakaondoka mbio kila mmoja kwake. Mpaka jioni kijiji kilisikia majembe mawili yakipigwa kwenye mvua: pu! pu! pu!

"Imeshindwa," alisema Kobe. "Inakwenda kwa jirani wa karibu." Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Bi Pimbi."

"Naipokea," alisema Bi Pimbi, na safari hii alilia tena, ila machozi ya namna nyingine. "Mama Kiboko atachuma mboga humu akitaka, yeye alionya. Ila ardhi hii ni ngumu, jamani. Sijui itatifuliwaje. Mheshimiwa, una ushauri wowote?"

Kiboko akafungua domo. Aliwezaje kujizuia, masikini? "Kwanza unachukua jembe, unatifua chini sa..." Akaona kijiji kizima kinamtazama. Akafunga domo, kapu! Akageuka, akaingia mtoni, chubwi!

Mpaka leo yumo humo, ametoa macho na pua tu, asije akaulizwa jambo akajibu.

Basi wanangu, mtu akikujia na ushauri mwingi kuhusu shamba lako, usimkatalie: mpe jembe.

Hadithi yangu imefika kikomo, na mchicha bado haujaisha. Mwanahawa! Ulikuwa unasemaje kuhusu mashina? Yakatwe mafupi? Ni kweli kabisa mjukuu wangu, wewe ni mtaalamu. Njoo hapa ushike ungo, utuonyeshe.